Namna ya Kutoroka na Meli ya Waasi

Kwanza, yajue maji. Robert Smalls aliyajua ya bandari ya Charleston, Carolina Kusini, kwa miaka ya kazi za gatini na melini, hadi akafika kwenye usukani wa Planter, meli ya mvuke ya kubebea pamba ambayo waasi wa Kusini, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, waliifanya ya kijeshi. Alijua mafungu ya mchanga yalipo na mabomu ya majini yalipotegwa, maana naye alipelekwa kuyatega. Alikuwa rubani hasa, ila mtumwa hakuruhusiwa kuitwa rubani. Wakamwita mshika usukani. Usigombee cheo. Shika usukani.

Pili, ngoja usiku ambao maofisa wazungu wamekwenda kulala mjini, kinyume cha amri. Kwa Smalls ulikuwa usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1862.

Tatu, usiwe na haraka. Hapa ndipo wengi tungeharibu. Koka moto wa boila, pandisha bendera ya waasi kama kawaida, pitia gati la pili umchukue mkeo Hannah na watoto, kisha nenda mwendo uleule wa kila siku. Watu 16 wako mikononi mwako, na mmeshakubaliana: mkibanwa, mtaizamisha meli kuliko kurudishwa. Vaa kofia ya nahodha ya majani, kunja mikono kifuani, simama dirishani anavyosimama yeye. Mbele ya ngome ya Fort Sumter piga honi, mbili ndefu na moja fupi. Mlinzi atakuruhusu upite.

Nne, ukishatoka nje ya shabaha ya mizinga ya waasi, shusha bendera yao na upandishe shuka nyeupe upesi, kwani Onward, manowari ya Kaskazini, iko tayari kukufyatulia.

Malipo? Smalls alipewa dola 1,500. Kwa meli nzima, mizinga na kitabu cha ishara za siri, alipunjwa, tena sana. Unahodha aliupata mwaka uliofuata, pale nahodha mzungu wa Planter alipoukimbia usukani chini ya mizinga na kujificha kwenye ghala la makaa, Smalls akaitoa meli salama.

Mwisho, inunue nyumba ya bwana wako kule Beaufort, ambayo uani kwake mama yako Lydia alikuzaa utumwani, naye umlete akae humo ndani. Kisha gombea ubunge. Smalls aliingia Bungeni Washington mwaka 1875.