Kimeza cha Usiku Huchaguliwa Gizani

Ingia nyumba nyingi za mjini, Dar es Salaam au Mombasa, uangalie fedha za mwenye nyumba zilikwenda wapi. Sebuleni utakuta seti ya makochi, kabati la vioo lenye vyombo visivyoguswa na meza ya kioo iliyotandikwa vitambaa. Chumbani, kando ya kitanda, utakuta ndoo iliyofudikizwa, na juu yake simu, glasi ya maji na koili ya mbu. Mgeni wa Idi na Krismasi amejengewa kasri, na anayelala humo usiku wote wa mwaka ameachiwa ndoo.

Napinga mpango huu kwa moyo wangu wote. Kichwa kilichochoka kinastahili jirani mwema, na jirani mwema ni kimeza cha mbao cha zamani, chenye droo moja na miguu minne iliyotulia. Kinapatikana kwa bei ya busara, lakini mnunuzi lazima awe na nidhamu. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Ukiruka moja, usiku utakudai.

1. Pima kitanda kabla hujatoka nyumbani

Watu hupima chumba, kisha wanaleta nyumbani kimeza kinachoingia vizuri pembeni lakini hakifikiki. Cha kupima ni kimo cha kitanda: kutoka sakafuni hadi juu ya godoro, mtu akiwa amelala juu yake. Kimeza kiwe sawa na kimo hicho, au kizidi ama kipungue kwa vidole vitatu tu.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa samani za zamani. Vitanda vya samadari vya pwani viliinuka sana, na vya Ulaya vya enzi hizo navyo havikuwa vifupi, kwa hiyo vimeza vyake vilifuata kimo hicho. Ukikiweka kimeza cha sentimita 75 kando ya kitanda cha kisasa cha sentimita 50, mkono wako utapanda juu kutafuta maji, na maji yatashuka kukutafuta usoni.

Kisha teremsha chandarua, ukichomeke chini ya godoro kama unavyofanya usiku, ndipo upime nafasi iliyobaki. Acha upana wa kiganja kati ya chandarua na kimeza. Anofelesi huuma hasa usiku, na kona kali ya mbao au kishikio kilichochomoza kinaweza kumfungulia mlango. Chagua kona zilizoviringwa na vishikio vinavyolala bapa.

2. Nusa

Usione haya. Fungua droo au kijilango, ingiza pua ndani, vuta pumzi. Ukungu, panya na mkojo vina harufu ambazo vanishi haiwezi kuzizima. Harufu kali ya nafthalini nayo ni ya kutiliwa shaka: kuna kitu kinafichwa, na jukumu lako ni kujua ni kipi.

Ukikutana na kimeza cha Kiingereza cha karne ya 19 chenye kijilango kimoja, na ndani yake nafasi ndefu isiyo na rafu, elewa kazi yake ya asili. Humo ndimo kilimowekwa chombo cha haja ndogo, kwa sababu choo kilikuwa mbali na usiku ulikuwa wa baridi. Ndiyo maana baadhi ya vimeza hivyo vina juu ya marumaru: jiwe hufutika, mbao hunywa. Historia hiyo isikukimbize. Kama mbao ni kavu na hazina harufu, umepata kijikabati imara cha kuwekea vitabu.

3. Msake kunguni kwa tochi

Hapa sina mzaha hata chembe. Samani iliyotumika ni mojawapo ya njia zinazomwingiza kunguni katika nyumba safi, na kimeza kinakwenda kukaa pale pale anapotaka kufika. Chomoa droo yote. Pindua kimeza. Mulika viungio, matundu ya skrubu, mfereji wa droo na upande wa chini wa ubao wa juu. Tafuta nukta nyeusi za kinyesi, magamba makavu ya rangi ya kahawia, mayai meupe madogo na kunguni mwenyewe, ambaye akikomaa ana urefu wa milimita 5 hivi.

Muuzaji atasema, “Bosi, hii imekaa stoo miezi mitatu, hakuna kitu.” Mjibu kwa upole kwamba kunguni anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula. Atasema utakianika juani. Ni kweli joto la zaidi ya nyuzi 50 za Selsiasi humuua, lakini jua hupasha uso wa mbao huku ndani ya kiungio kukibaki na ubaridi, na huko ndiko aliko. Ukiona dalili, shukuru, aga, ondoka. Hakuna punguzo la bei linalolipa gharama ya kunguni.

4. Ihoji mbao yenyewe

Usidanganywe na uzito, maana chipbodi nayo ni nzito. Angalia mistari ya mbao. Katika ubao mzima, mistari ya juu huendelea ukingoni na kutokea upande wa pili, ilhali ile iliyobandikwa hukatika ghafla kwenye kona. Tazama na mgongo wa kimeza, kwa sababu hapo ndipo fundi mvivu alipojiona salama. Ubao wa MDF, ule wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, ulianza kutengenezwa viwandani Marekani katika miaka ya 1960, kwa hiyo kimeza cha MDF hakiwezi kuwa kilitoka Bombay kwa jahazi pamoja na babu yake muuzaji.

Skrubu nazo hutoa ushahidi. Skrubu zenye mfereji wa msalaba zilienea baada ya Henry Phillips wa Marekani kupata hataza zake katika miaka ya 1930. Ukiziona kwenye kimeza kinachodaiwa kuwa cha mwaka 1890, ama kilitengenezwa baadaye ama kilifunguliwa na kufungwa upya. Uliza ni kipi.

Kama juu yake ni mviringo, kipime mara mbili: kwa kufuata mistari ya mbao, kisha kwa kuikata. Mbao husinyaa kwa upana lakini karibu haisinyai kwa urefu, kwa hiyo mduara wa zamani wa ubao mzima huwa umepoteza milimita chache upande mmoja. Mduara kamili usio na kasoro ni wa juzi.

Matundu ya wadudu yachomeke sindano. Mdudu huchimba kwa kupindapinda, ilhali drili ya anayeghushi uzee huenda moja kwa moja. Na ukikuta unga laini chini ya tundu, mdudu bado yumo kazini.

Kuhusu aina, kwetu kuna utajiri. Mvule huanza na rangi ya dhahabu, kisha hukolea kuwa kahawia, na mchwa hawaupendi. Mninga una wekundu wa kupendeza na sifa adimu ya kutocheza sana hali ya hewa inapobadilika, kwa hiyo droo yake hudumu na adabu. Msaji una mafuta ya asili yanayousaidia kustahimili unyevu wa pwani. Mfenesi huanza na umanjano na kuiva kwa miaka. Msonobari ni mwepesi na laini, ukucha unaacha alama, lakini kwa bei ndogo usiudharau.

Kuna sababu nyingine ya kupenda vya zamani. Mwaka 2022 nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilikubaliana kuiweka mininga ya Afrika katika orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa, na mpingo ulitangulia mwaka 2016. Mti wa aina hii huchukua miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa mbao. Kimeza kilichokwishatengenezwa hakidai mti mwingine msituni.

5. Funga macho

Hiki ndicho kipimo kikuu, na hufanyika palepale dukani, watu wakitazama. Kaa kwenye kiti kando ya kimeza, upande kitakapokuwa nyumbani. Weka juu yake simu yako na chupa ya maji. Fumba macho. Sasa tafuta simu kwa mkono mmoja bila kuangusha chupa. Vuta droo kwa mkono huohuo. Ifungue, ifunge, ifungue tena.

Droo njema hutoka bila kukiburura kimeza na bila kelele za kumwamsha mwenzako. Kimeza chema hakiyumbi unapokiegemea ili kuinuka, jambo ambalo wazee na wajawazito hulifanya kila usiku. Ukingo mdogo uliopandishwa kuzunguka juu yake ni neema, kwa sababu huzuia miwani na vidonge kuteleza hadi uvunguni. Umeme ukikatika, na utakatika, mkono wako utakuwa unajua kila kitu kilipo.

Zingatia pia msimu. Droo inayoteleza vizuri Januari inaweza kugoma masika, kama mtoto asiyetaka kwenda shule, kwa sababu mbao hunywa unyevu na kutanuka. Iwe na mwanya wa milimita 2 hivi kila upande. Ikibana kidogo, sugua mshumaa kwenye mifereji yake. Usikimbilie randa, maana mbao iliyorandwa masika italegea kiangazi.

6. Rangi ya zamani isikuue

Rangi nyingi za mafuta za zamani zilikuwa na risasi, na Marekani ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978 kwa sababu ya madhara yake, hasa kwa ubongo wa watoto. Kimeza kilichopakwa rangi zamani na kinachobanduka si cha chumba chenye mtoto anayetafuna kila kitu. Wala usikipige msasa mkavu sebuleni, vumbi lake ndilo hatari. Chagua kilichobaki na mbao yake wazi.

7. Patana kwa heshima

Katika maduka ya vitu vya kale ya Mji Mkongwe, Zanzibar, unaweza kuambiwa kimeza ni cha jumba la Sultani. Msikilize muuzaji mpaka mwisho, kisha rudi kwenye viungio. Meno ya droo yaliyokatwa kwa mkono huwa hayalingani kikamilifu, na hayo yana thamani kuliko ukoo wowote.

Patana kwa kutaja kasoro moja moja: “Mzee wangu, kitasa hakina ufunguo, mguu huu unacheza, na mgongo umebadilishwa. Hayo yote nitamlipa fundi.” Usikitukane kimeza wala mwenyewe. Mkishaafikiana, lipa na ukibebe siku hiyohiyo. Anayesema atarudi kesho hukuta mwenye gari keshapita.

8. Kikaribishe vizuri

Kifute kwa kitambaa chenye unyevu, kikauke kivulini, kisha kipake nta. Fundi akaze mguu kwa gundi ya mbao, asigongelee msumari, kwa maana msumari hupasua ulimi wa kiungio uliodumu miaka mingi. Juu yake weka vitu vitatu tu: taa, maji, na kitabu unachokisoma kwa imani au kwa raha. Cha nne kiende kwenye droo.

Mwisho, chukua penseli uandike chini ya droo mwaka uliokinunua kimeza, mahali, aina ya mbao na fundi aliyekitengeneza upya. Kimeza cha mninga kikitunzwa kitakuzidi umri, na atakayekirithi ana haki ya kujua alichopewa.