Karaoke ya Bunia: Namna ya Kukusanya Nyimbo Bila Kuteketeza Mega

Mkusanyaji mbaya wa karaoke ni rahisi kumtambua. Simu yake imejaa video, flashi yake imejaa video, na katika hizo zote hakuna hata moja ambayo jirani zake wa Mudzipela wanaweza kuiimba hadi mwisho. Celine Dion yumo, Whitney Houston yumo. Ukimwomba rumba anakuambia subiri, bado inashuka. Jioni inakwisha, wimbo bado unashuka.

Usiwe huyo. Kabla hujanunua mega, shika karatasi uandike nyimbo ambazo watu wa mtaani kwako huziimba bila kuombwa: harusini, matangani, kwaya ya Jumapili, nyuma ya pikipiki. Orodha ya Bunia itachanganya Kilingala cha Kinshasa, Kiswahili cha Dar es Salaam na Nairobi, Kifaransa, na nyimbo za injili za kila upande. Huo ni utajiri, na hakuna mtu wa mbali aliyekukusanyia tayari. Karaoke yenyewe ilianza hivyo hivyo. Daisuke Inoue alikuwa mpigaji muziki katika baa za Kobe, Japani, akiwasindikiza wateja walioimba. Mmoja wao alipotaka kusindikizwa safarini, Inoue alimrekodia muziki mtupu kwenye kanda. Mwaka 1971 akatengeneza mashine. Alianza na nyimbo ambazo mteja wake alikuwa tayari anazijua, na wewe anza hapo.

Sasa washa intaneti. Ukitafuta kwa neno karaoke peke yake utaletewa Marekani nzima. Andika jina la mwanamuziki, jina la wimbo, kisha neno instrumental, kwa sababu wapiga kinanda na wapiga gitaa wetu wengi huweka kazi zao kwa neno hilo. Kwa nyimbo za kanisani tafuta pleibeki. Wanakwaya wamekuwa wakifanya kazi hii siku nyingi kuliko wenye baa.

Kisha angalia uzito. Muziki wa MP3 wa kiwango cha kawaida hula takriban mega moja kwa dakika. Video ya picha safi hula mara nyingi zaidi, nayo picha yenyewe ni machweo ya bahari na mwanamke anayetembea ufukweni. Huna haja ya kumlipia mega mwanamke huyo. Kuna mtindo wa zamani unaoitwa MP3+G: faili mbili zenye jina moja, ya kwanza ya sauti, ya pili ya maandishi yanayobadilika rangi. Wimbo wa dakika nne hauzidi mega sita, na programu ya bure kama OpenKJ inausoma bila intaneti.

Hapo utagundua kwamba nusu ya orodha yako haipo popote. Usikate tamaa, kwa sababu sehemu tamu ya kazi ndiyo inaanza. Sauti ya mwimbaji unaweza kuiondoa mwenyewe. Audacity, programu ya bure, hutoa upande mmoja wa stereo kutoka kwa mwingine, na kilichokaa katikati, yaani sauti ya mwimbaji, kinapungua au kutoweka. Lakini usiupeleke huko wimbo wa kale kama Indépendance Cha Cha ya Grand Kallé na African Jazz, wa mwaka 1960. Rekodi za kale kama hiyo ni za mono, na katika mono pande zote mbili ni sawa. Ukitoa mmoja kutoka kwa mwingine unabaki na ukimya mtupu. Kwa hizo tumia Spleeter, ambayo wahandisi wa Deezer waliitoa bure Novemba 2019. Imefunzwa kutambua sauti ya mtu na kuitenga na ala. Kompyuta ndogo huchukua muda, kwa hiyo ifanye kazi hiyo umeme ukiwepo, usingoje wageni wamekaa na jenereta inanguruma.

Maneno nayo yaandike kwa mkono. Faili ya LRC ni maandishi ya kawaida: mwanzoni mwa mstari unaweka muda ndani ya mabano, kwa mfano [01:12.40], kisha maneno yanayoimbwa dakika na sekunde hiyo. Basi. Kilingala kinachozunguka mtandaoni kimejaa makosa ya watu walioandika wasichosikia. Nenda kwa mzee aliyecheza nyimbo hizo ujanani, mchezeshee mstari, umuulize: “Papa, hapa anasema nini?” Atakuambia, atakuimbia, na atakueleza ni nani aliyekuwa anasemwa. Mario ya Franco na TPOK Jazz, ya mwaka 1985, inapita dakika kumi. Mpelekee soda mbili.

Sebene usiikate. Watengenezaji wa mbali wakifika pale gitaa linapochemka na mwimbaji kunyamaza, huufupisha wimbo. Wanakata kile ambacho watu wametoka nyumbani kukifuata! Andika vilio vya atalaku, yule anayepaza sauti kuwachangamsha wachezaji, kimoja kimoja. Kwenye mabanga, pale majina ya wafadhili yanapotajwa, acha nafasi wazi ili aliyeshika maiki ataje majina ya waliopo mezani. Hakuna mashine ya Tokyo inayoweza kukupa hilo.

Mla maiki, yule anayeimba nyimbo tano mfululizo, ana dawa moja: anayeleta faili ya maneno aliyoiandika mwenyewe ndiye anayeimba kwanza. Mkusanyiko utakua haraka. Panga mambo alasiri, kwa kuwa mkoa wetu wa Ituri uliwekwa chini ya hali ya kuzingirwa Mei 2021, na watu wanahitaji kufika nyumbani mapema na salama.

Na ukianza kutoza kiingilio, kumbuka kwamba nyimbo zina wenyewe. SOCODA, shirika la haki za waandishi lililoundwa mwaka 2011, lipo kwa ajili hiyo. Nenda ulizia unachopaswa kulipa. Wazee waliotupa rumba, ambayo UNESCO iliiandika kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu Desemba 2021, wengi wao walikufa bila kitu. Tusiwale mara ya pili.

Jumapili hii chagua wimbo mmoja unaoujua kwa moyo, uandike maneno yake yote, uweke muda, umrushie rafiki wa Nyakasanza, wa Mahagi au wa Aru. Faili ya maneno haifiki kilobaiti tano, na hakuna mtandao dhaifu kiasi cha kushindwa kuibeba.