Jinsi ya Kupiga Hodi kwenye Kanzidata Bila Kusikiliza Jibu

Simu yenyewe haiji asubuhi ukiwa umeshakunywa chai. Inakuja tarehe 30, saa kumi na moja jioni, mishahara haijatoka, na anayepiga ana maneno matatu tu: "Fundi, mfumo hausomi." Kwa wasioijua kazi yetu, maana yake ni kwamba kompyuta ya dukani imeshindwa kuifikia kanzidata iliyo kwenye seva ya mbali. Seva hiyo huenda iko Dar es Salaam, huenda iko Frankfurt. Mwenye duka hajui na wala hataki kujua. Nimeipokea simu hiyo mara nyingi kiasi cha kuwa na utaratibu wangu, na kwa kuwa siku hizi wanaingia vijana wenye tabia ya kusoma skrini kabla ya kugusa kitu, nauandika hapa usije ukapotea.

La kwanza, na ndilo mama wa mengine yote: usisome ujumbe wa kosa. Ni wa Kiingereza, ni mrefu, na mwishoni una namba ndani ya mabano ambayo mtu mwenye shughuli zake hana haja nayo. MySQL, kwa mfano, itakuandikia kosa 2003, kisha kwenye mabano 111 au 110. Ukiwa kwenye Windows utaona 10061 au 10060. Ole wako ukizitazama kwa makini, maana utagundua kuwa ni majibu mawili tofauti kabisa. 111 ni sawa na kupiga hodi, mtu akatoka akakwambia "hapa hayupo unayemtafuta." Nyumba umefika, njia ni nzima, ila kwenye poti ya 3306 hakuna anayesikiliza. 110 ni hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kimya, unageuza na vumbi lako. Mara nyingi hapo kuna mlinzi getini, yaani fayawoli, anayepokea salamu zako na kuzitupa jalalani bila kukutazama usoni. Jibu la kwanza linakupeleka kwenye seva, la pili linakupeleka kwa mlinzi. Fundi anayelijua hilo anamaliza kazi kwa dakika kumi, na hakuna mteja anayelipa vizuri kwa kazi ya dakika kumi.

Ukishafumba macho kwenye skrini, zima uwashe. Anza na ruta, nenda kwenye kompyuta, malizia na seva yenyewe, hata kama matawi mengine sita yalikuwa yanaitumia bila shida. Sasa yote yana shida, na tatizo la mtu mmoja limekuwa la taifa. Hilo linaupa mkutano wa saa moja jioni uzito unaostahili.

Kisha lalamikia mtandao. Ni lawama salama, kwa sababu mtandao haujibu. Nakiri kuna siku ilikuwa ya haki: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na Uganda kwa pamoja. Siku ile kila fundi alikuwa mkweli. Tumeendelea kuitumia siku hiyo hadi leo.

Kwa wanaotaka ushahidi wa kisayansi kuna pingi. Ipigie seva pingi. Ikijibu, tangaza kwamba "mtandao upo, tatizo ni kanzidata". Isipojibu, tangaza kwamba seva imekufa. Usihangaike na ukweli kwamba pingi haigusi poti ya 3306 hata kidogo, wala kwamba seva nyingi za wingu zimeagizwa zisijibu pingi ya mtu yeyote huku zikifanya kazi zake kama kawaida. Chombo kinachopima poti yenyewe kipo, telnet au nc, lakini nacho kina utamu wake. Kila unapofungua mlango kwa telnet na kuondoka bila kujitambulisha, MySQL inahesabu. Zikifika hodi 100 za namna hiyo mfululizo, na hiyo ndiyo idadi iliyowekwa tangu kiwandani, anwani yako inafungiwa kwa kosa 1129 mpaka mwenye nyumba afute orodha ya wageni wakorofi. Nimewahi kumwona kijana aliyeweka programu ya kuchungulia poti kila sekunde ili ajue lini mlango utafunguka. Yeye ndiye aliyekuwa anaufunga.

Sasa tuingie ndani ya seva, ambako ndiko kwenye raha. Ingia, andika mysql, ikifunguka toka ukiwa umeinua mikono: "Kwangu inafunguka!" Maneno haya mawili yameokoa ndoa na ajira. Ni kweli inafunguka, kwa sababu kwenye Linux ukiita localhost programu ya mysql haipiti kwenye mtandao kabisa. Inapita mlango wa uani, kwa faili la soketi. Umethibitisha kwamba mwenye nyumba anaweza kuingia jikoni kwake. Mgeni aliyeko barabarani bado yuko barabarani.

Tena MySQL haimjui mtu kwa jina tu, inamjua kwa jina na alikotoka. Mhasibu wa localhost na mhasibu anayetoka nje ni watu wawili, kila mmoja na nenosiri lake na ruhusa zake, hata kama kwenye ndoto zako ni mmoja. Kosa 1130 linasema hakuna aliyeandikishwa kutoka huko unakotokea. Kosa 1045 linakuandikia jina na anwani kama seva ilivyokuona, jambo ambalo lingekumalizia ubishi wote. Lakini tulishakubaliana kuhusu kusoma.

Halafu kuna bind-address. MySQL ukiisakinisha kwenye Ubuntu huja imeambiwa isikilize 127.0.0.1 peke yake, kama mzee anayejibizana na redio chumbani. Mstari wa kubadilisha uko kwenye faili la mysqld.cnf, ndani ya /etc/mysql/mysql.conf.d. Mila inataka uubadilishe kwenye faili jingine lenye jina linalofanana na hilo, uhifadhi, na usahau kuianzisha upya huduma. (Ndiyo. Siku pekee ambayo zima-washa ilihitajika ndiyo siku tunayoisahau.) Baadaye, saa tano usiku, andika ss -tln utazame. Ukiona 3306 imetanguliwa na 127.0.0.1, bado mzee yuko na redio yake. Ukiona 0.0.0.0 au nyota, amefungua dirisha. Ukiona 33060 ukashangilia, karibu chamani: hiyo ni poti nyingine ambayo MySQL 8 huifungua kwa itifaki yake ya X, na sifuri yake moja ya ziada imewahi kunilaza ofisini.

Hata dirisha likifunguliwa, kumbuka seva za kukodi huwa na walinzi wawili: mmoja ni fayawoli ya ndani ya seva, mwingine yuko kwenye ukurasa wa kampuni iliyokukodishia. Hawajuani, hawasalimiani, na hakuna anayemwachia mwenzake zamu. Ukimhonga mmoja, wa pili hana habari.

Ukichoka, na utachoka, tumia tiba kuu: fungua kila kitu. Mtumiaji awe root, aruhusiwe kutoka '%', yaani popote chini ya jua, fayawoli izimwe "kidogo tu nijaribu," na nenosiri liwe jina la duka na mwaka. Itafanya kazi. Inafanya kazi kila mara, ndiyo maana tiba hii ina wafuasi wengi kuliko zote. Mei 2022 taasisi ya Shadowserver ilipopita kwenye intaneti kuhesabu, ilikuta seva za MySQL zaidi ya milioni 3.6 zikiitikia hodi ya yeyote kwenye poti ya 3306, na sidhani zote zilifunguliwa kwa makusudi. Wapiga hodi nao wapo. Januari 2017 waliziandama kanzidata za MongoDB zilizoachwa bila nenosiri. Februari wakaja kwa MySQL, wakabahatisha nenosiri la root, wakafuta data na kuacha jedwali moja lenye barua ya kudai bitikoini 0.2. Uzuri wa hali hiyo ni kwamba tatizo la muunganisho linakuwa limekwisha moja kwa moja. Hakuna tena cha kuunganishwa nacho.

Wapo wavivu wanaopitisha kila kitu kwenye handaki la SSH. MySQL inabaki na redio yake kwenye 127.0.0.1, poti ya 3306 haifunguliwi kwa mtu, mazungumzo yote yanapita kwa siri kwenye poti ya 22, na amri ni mstari mmoja. Haina msisimko wowote. Tuiache.

Mwaka jana simu ilitoka Moshi, duka la vifaa vya ujenzi, mhasibu akiwa mama mtu mzima anayeongea polepole. Nikamwamkia, nikamwuliza skrini imeandika nini. Akanisomea herufi kwa herufi, hadi mwisho: "Moja, sifuri, sifuri, sita, sifuri."

"Hiyo namba achana nayo, mama," nikamwambia. "Zima ruta, hesabu mpaka thelathini, washa."

Akazima, akawasha. Haikusoma. Tukarudia baada ya chakula cha mchana, tukarudia saa tisa, tukarudia saa kumi na moja. Mimi huku Arusha kwangu ilikuwa inafunguka, kwa hiyo seva ilikuwa nzima na kosa lilikuwa la Moshi. Asubuhi nikapanda Coaster.

Njiani tulipita Kikatiti, na hapo huwa sikosi kugeuza shingo. Haiko mbali na Sakila, na Sakila ndilo jina la yule pomboo wa kwenye nembo ya MySQL. Lilichaguliwa kwenye shindano la kumpa jina, likiwa limependekezwa na mwandika programu mwenye asili ya Uganda aliyekuwa Eswatini. Alisema ni jina la kike la Kiswati, na pia ni jina la mahali huku kwetu Arusha. Programu ilizaliwa kwa Waswidi mwaka 1995, imenunuliwa na Wamarekani mara mbili, na pomboo wake ana jina linalopatikana pia huku Meru. Nilimweleza abiria wa pembeni. Akavaa spika za masikioni.

Dukani nilikaribishwa chai kabla ya kufungua begi. Nikauliza kama kuna kitu kilibadilika juzi. "Hapana," mama akasema, akifikiri. "LUKU tu iliisha usiku, tukanunua asubuhi."

Hapo nikaacha kutafuna andazi. Ruta yao ni ya laini ya simu. Ikizimika na kuwaka inarudi na anwani mpya. Na fayawoli ya seva ilikuwa inaijua anwani moja tu ya Moshi, niliyoiandika mimi mwenyewe miezi miwili nyuma kwa usalama, bila kuinukuu popote. Umeme uliibadilisha mara moja. Mara nne zilizofuata niliibadilisha mimi, kwa simu, nikiwahesabisha watu mpaka thelathini.

Mama akafungua droo, akanipa risiti iliyoandikwa kwa nyuma. Alikuwa ameorodhesha saa, na mbele ya kila saa namba ileile: 10060, 10060, 10060, 10060.

"Nilijua utaiulizia," akasema, akaniongezea chai.