Mla Cha Juu Nisiyemjua

Dalali wa Kariakoo namheshimu. Anasimama juani Mtaa wa Kongo tangu asubuhi, anakudaka kabla hujasema unatafuta nini, anakuvusha kati ya mikokoteni na mabunda ya mitumba hadi duka la ghorofani ambalo peke yako usingelifikia. Mwenye duka akiuza, dalali anapewa chake, na haki yake ameitolea jasho. Akikosea, unajua pa kumkuta. Dalali ninayemlipa mimi siku hizi simjui jina, sura wala nchi. Anaitwa kwa namba, kama mfungwa, na kila mwisho wa mwezi anakula.

Mimi nauza vikapu, vile vya milulu vinavyosukwa na akina mama wa Iringa. Duka langu ni la mtandaoni, na wateja wengi wako Uingereza na Marekani, watu ambao kikapu kwao hakiendi sokoni: kinakaa sebuleni na kuwekewa blanketi. Sikuwaletea maswali. Walilipa, nikatuma, tukaishi kwa amani hadi mpwa wangu alipofungua laptopu yake mezani kwangu.

"Shikamoo Anko. Unauza kizamani sana."

Akanifundisha. Kuna mitandao ya mawakala, afilieti. Unajiunga, wanakutafutia watu wenye kurasa na chaneli zao, kila mmoja anapewa linki ya duka lako yenye namba yake. Mtu akipitia linki hiyo akanunua, wakala anapata kamisheni. Asiponunua, hulipi senti. "Amazon wanafanya hivi tangu 1996, Anko." Nilitaka kumuuliza Amazon wana mabibi wangapi wanaosuka kwa mkono, lakini fomu alikuwa ameshaijaza.

Sasa tupige hesabu. Kikapu nakiuza dola 60. Kamisheni ni asilimia 15, yaani dola 9. Mtandao wenyewe nao haufanyi kazi ya sadaka: unadai asilimia 30 ya kamisheni, juu ya kamisheni. Hiyo ni dola 2.70 nyingine. Jumla dola 11.70, takriban shilingi elfu thelathini. Mama aliyekata milulu, akaianika, akakaa kitako siku kadhaa anasuka, namlipa elfu ishirini na tano, na hapo nalipa vizuri kuliko wengine. Aliyebandika linki analala na elfu ishirini na ushee, na mikono yake haijaguswa na unyasi hata mmoja.

Mpwa wangu ananionyesha watu wanaotoa kamisheni ya asilimia 50, hata 75, na wanatajirika. Kweli. Wanauza vitabu vya kupakua na kozi za kupunguza tumbo. Nakala ya pili haiwagharimu kitu. Kikapu hakipakuliwi, kinabebwa. Na kampuni za usafirishaji wa ndege zina utamaduni wa kukupimia kwa ukubwa: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000, jibu ni kilo utakazolipia. Boksi la sentimita 40 kila upande linatoka kilo 12.8. Kikapu kilichomo hakifiki kilo mbili. Zaidi ya kilo kumi ninazolipia ni hewa ya Dar es Salaam inayokwenda kutembea Manchester.

Nikasema sawa, angalau watanisifia bidhaa. Wakala wa kwanza kuniandikia alitunga makala ya "vikapu kumi bora vya Afrika". Changu kilishika nafasi ya nne. Aliandika kuwa kinasukwa kwenye mwambao wa Ziwa Iringa, ziwa ambalo wenyeji wa Iringa wangefurahi sana kuonyeshwa liliko. Akaongeza kwamba hakipitishi maji. Mteja mmoja alimwamini, akapanda ua ndani yake, akalimwagilia, kisha akanitumia picha ya zulia lake. Nikarudisha pesa. Sheria ya Uingereza humpa mnunuzi wa mtandaoni siku 14 baada ya kupokea mzigo za kubadili mawazo, na mzigo wangu ulikwenda kwa mwendo wa jongoo. Mteja alipolalamika, siku 30 ambazo mtandao huishikilia kamisheni kabla ya kuilipa zilikuwa zimepita na wakala alikuwa ameshalipwa. Kwa hiyo nililipia kikapu, usafiri, na uongo uliokiharibu.

Huyo lakini alijitahidi. Aliandika kitu, akapekua picha, akavumbua ziwa. Kinachoninyima usingizi ni wale wa kuponi.

Mteja ameshachagua kikapu mwenyewe. Alinijua kwa jirani yake. Yuko kwenye ukurasa wa kulipa, kadi mkononi, anaona kisanduku kimeandikwa "Weka kuponi yako hapa". Anajiuliza: kumbe kuna kuponi? Anatoka, anatafuta jina la duka langu pamoja na neno kuponi, anaangukia tovuti inayojivunia kuwa nazo zote. Anabofya ili kuiona. Hakuna kuponi, kwa sababu sijawahi kutoa. Anarudi kwangu, analipa bei ileile. Ila sasa amekuja kupitia linki ya wakala, na wakala anadai dola zake 9 kwa kazi ya kumwambia mteja wangu kwamba hana kitu.

Mitandao mingi imepanga hivyo: anayelipwa ni aliyebofywa mwisho. Aliyemshawishi mteja wiki nzima na aliyemvizia mlangoni hawatofautishwi, na wa mlangoni ndiye mshindi. Kuna hata wanaolipia tangazo kwa jina la duka langu lenyewe. Mtu akinitafuta kwa jina, wao wanatokea juu yangu, anawabofya, anafika kwangu, nami nalipa kutambulishwa kwa mteja wangu.

Chombo cha kazi yote hiyo ni kidakuzi. Lou Montulli wa Netscape alikibuni mwaka 1994 ili tovuti iweze kumkumbuka mgeni wake, jambo la adabu kabisa. Kinakaa ndani ya kivinjari kimya, kimeandikwa namba ya wakala, kinasubiri. Amazon, ambao si wajinga, wamekipa saa 24. Mimi mpwa wangu alinichagulia siku 30, "ili mawakala wavutike". Nikamwambia hata wageni wa msibani hawakai siku 30.

Na kama hata mkubwa huibiwa, mimi ni nani? Mwaka 2008 eBay waliwashtaki mawakala wao wakubwa kabisa kwa kupachika vidakuzi kwenye kompyuta za watu ambao hawakubofya chochote. Watu hao wakinunua eBay kwa hiari yao baadaye, kamisheni ilihesabika. Serikali ya Marekani ikaingilia, na mwaka 2014 mmoja wao akahukumiwa miezi 5 jela. Mamilioni ya dola yalikuwa yameshapita. Mimi nikitaka kumshtaki namba yangu, sijui hata nianzie mahakama ya bara gani.

Ndipo mwezi uliopita nikakaa na orodha. Nikaamua kumfahamu wakala wangu namba moja, aliyewapita wote kwa mbali. Mauzo yake yalikuwa ya ajabu: mengi yalifanyika mchana, saa za Dar es Salaam, na wanunuzi karibu wote walikuwa wale wanaonitumia ujumbe WhatsApp na kuniomba niwajazie oda mwenyewe kwa kuwa tovuti inawasumbua. Nawajazia hapahapa, kwenye kompyuta ya dukani.

Nikampigia mtandao simu, wakakataa kutaja mtu, wakanipa barua pepe yake tu. Barua pepe hiyo naijua. Niliilipia bando la kuifungulia.

"Anko, siku ile ya kukufundisha si nilikuonyesha linki inavyofanya kazi? Ulibofya mwenyewe."

"Mara moja! Na siku 30 zimepita zamani."

"Zimepita," akasema, "lakini kila nikija kukusalimia huwa naiangalia kama bado inafungua. Ukibofya upya, zinaanza kuhesabiwa upya."