Sifa kwa Nyota na Diezi

Goma ni mji unaojua kusifu. Tshukudu, ule mti wa magurudumu mawili unaoshuka na makaa na viazi kutoka Kibumba, umepewa sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya barabara. Nyiragongo umetuunguza mwaka 1977, ukarudia 2002 na 2021, na bado tunauonyesha wageni usiku kwa fahari, kama mtoto mtukutu aliyefaulu mtihani. Hata makoro, haya mawe meusi yanayochana viatu, tumeyajengea kuta na kuyatungia maneno mazuri. Lakini sijamsikia mtu hata mmoja akisimama harusini au matangani kuisifu misimbo ya simu, zile amri fupi zinazoanza na nyota na kuishia na diezi, yaani #. Tunaibonyeza asubuhi kabla ya chai, tunaitukana mchana, na usiku tunalala bila kuishukuru. Dhuluma hii nataka kuimaliza leo. Najua mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ila huyu mgema wetu hana masikio, na tembo lenyewe limekwisha kutiwa maji siku nyingi.

Nianze na aliye mnyenyekevu kuliko wote. Bonyeza *#06#. Usitafute kitufe cha kijani, wala usiulize kama yuniti zipo. Toa hata laini ukitaka. Mara tu unapoigusa ile diezi ya mwisho, simu inakutajia tarakimu 15. Nane za kwanza zinasema ni simu ya aina gani, sita zinazofuata ni namba yake katika aina hiyo, na ya mwisho ni ya ukaguzi. Usiposadiki, shika kalamu: chukua tarakimu ya pili, ya nne, ya sita, hadi ya kumi na nne, zidisha kila moja kwa 2, na ukipata kitu kinachozidi 9 jumlisha tarakimu zake mbili ziwe moja. Kisha jumlisha hizo pamoja na zote ulizoziruka. Jumla isipoishia na sifuri, ama umekosea hesabu ama umeuziwa kitu. Ujanja huu ni wa Hans Peter Luhn, mhandisi wa IBM, aliyeuombea hataza mwaka 1954 na kuipata 1960, na ndio huohuo unaolinda namba za kadi za benki. Kwa hiyo simu ya bei ya chini kabisa pale mtaani Birere, yenye kioo kilichopasuka na betri iliyofungwa kwa raba, imebeba tumboni hesabu moja na kadi ya tajiri wa Geneva. Nionyesheni usawa mwingine kama huo katika mji huu.

Tena *#06# hajibu kwa kuangalia uso. Ofisini ukiuliza swali dogo utaambiwa mkubwa ametoka, urudi kesho, uje na fotokopi. *#06# hana mkubwa wala kesho. Jibu lake hulipangi wewe, na ukimbembeleza halibadiliki. Wapo mafundi wenye kompyuta na moyo mgumu wanaoweza kulibadilisha, lakini hata wao hawabishani naye. Inawabidi wamfanyie upasuaji.

Uaminifu wa namna hii haukosi kuonekana na serikali. Septemba 2020 Kinshasa iliipenda namba hiyo ya tarakimu 15 kiasi cha kuifungulia daftari, Daftari la Vifaa vya Mkononi, ambalo sote tulilijua kwa kifupi chake cha Kifaransa, RAM. Kila simu iliyojitambulisha kwa namba yake ilitozwa kwa mwaka dola 7 ikiwa ni ya 3G au 4G, na dola 1 ikiwa ni ya 2G, na fedha hizo zilikatwa polepole kutoka yuniti za mwenye simu. Unanunua yuniti za kumpigia mama, unageuka, hazipo. Hapa ndipo naomba tuwe waadilifu katika kusifu: ni nani mwingine aliyewahi kuwaunganisha Wakongo hivi? Mtu wa Ndosho hapa mjini na mtu wa Matadi, muuza mkaa na mwanasheria, vijana wa LUCHA, vuguvugu lililozaliwa hapahapa Goma mwaka 2012, na wabunge waliomhoji waziri mbele ya kamera, wote wakalia kwa sauti moja. Mwanzoni mwa 2022 tozo ikafutwa, na tangu siku hiyo hatujakubaliana tena juu ya jambo lolote.

Misimbo hii nimeitungia nasaba mwenyewe, maana mtu hapewi sifa bila kutajiwa ukoo wake. Babu zake wanakaa katika kompyuta kubwa za IBM, zile zinazotunza hesabu za mabenki na viti vya ndege tangu siku ambazo kompyuta moja ilijaza chumba kizima. Humo watu waliandika skripti za amri kwa lugha iitwayo CLIST, na baadaye kwa REXX, aliyoanza kuitunga Mwingereza Mike Cowlishaw mwaka 1979. Mwandishi wa CLIST alipofika alikuta vigeuzi vimekwisha kukaa ndani, kama wapangaji waliomtangulia mwenye nyumba: SYSUID anayesema wewe ni nani, SYSTIME anayesema ni saa ngapi, SYSDATE anayesema tarehe. Hukuwaalika, hukuwapa majina, na baadhi yao huruhusiwi kuwagusa. SYSUID ukijaribu kumwekea jina unalolipenda, mashine inakugombeza. SYSDATE kwa miaka mingi alitaja mwaka kwa tarakimu mbili tu, kana kwamba karne haimhusu, mpaka mwaka 2000 ulipokaribia ikabidi aletewe mdogo wake, SYS4DATE, mwenye adabu ya kutaja zote nne.

REXX ina jambo moja ambalo lingefaa kufundishwa katika shule za siasa. Ukikiuliza kigeuzi ambacho hakijawekewa kitu chochote, hakinyamazi wala hakioni haya. Kinakujibu kwa jina lake chenyewe, kwa herufi kubwa. Sitaendelea na aya hii, maana uchaguzi haukosi kurudi.

Lakini katika ukoo wote huo ninayempenda zaidi ni LASTCC wa CLIST. Kazi yake ni kushika namba ya matokeo ya amri iliyotangulia: 0 ikiwa mambo yamekwenda vizuri, 4 kwa onyo, 8 kwa kosa, 12 na zaidi kwa msiba. Anaishika kweli, ila kwa kitambo kidogo tu, kwa sababu amri inayofuata, iwe ndogo namna gani, inaleta namba yake na ile ya kwanza inatoweka. Mwandishi mzoefu huinakili pembeni papo hapo kabla hajafanya lolote. Asiyejua huandika kwanza sentensi ya kutangaza kuwa anakagua matokeo, halafu anakagua, na anapata sifuri nzuri nyeupe: matokeo ya ile sentensi ya kutangaza. Kamati ngapi za uchunguzi zimefanya kazi kwa mtindo huu, msomaji ahesabu mwenyewe.

Usahaulifu huo ndio urithi ambao misimbo yetu imeulinda vizuri kuliko mali nyingine zote. Ujumbe mfupi wa kawaida unabaki kwenye simu, mke anaweza kuusoma. Menyu ya nyota na diezi, ambayo wahandisi wanaiita USSD, haibaki. Inapita katika njia ileile inayobeba habari ya kukuitia simu, haihitaji intaneti, inabeba herufi 182 kwa mara moja, na ukikawia kuchagua inafunga mlango bila kwaheri. Umefika hatua ya tano, umekwisha kuchagua dola au faranga, umeandika namba na kiasi, mtoto anakuita, unageuka, unarudi: hakuna kitu. Hukuwahi kuwa pale. Uanze tena kwenye nyota.

Au unakutana na kito cha fasihi yetu ya mjini, sentensi moja ambayo simu ya Kifaransa na simu ya Kiswahili zote zinaitamka kwa uso mkavu: tatizo la muunganisho au msimbo batili wa MMI. Nimeisoma mara nyingi kuliko barua yoyote niliyowahi kuandikiwa, na kila mara nainama mbele ya lile neno dogo la katikati, «au». Ama kosa ni la mtandao, ama kosa ni lako. Mashine imekuwa karibu kuliko sisi sote, imeona kila kitu, na bado inakuachia wewe uhuru wa kuchagua mkosaji. Haimtukani mtu, haimfichi mtu. MMI ni nini? Hakuna anayeuliza, na hilo nalo ni sehemu ya heshima yake. Kwenye meza ya kabini, pale wakala wa fedha za simu anapokaa chini ya mwavuli, karibu na rond-point, mazungumzo huwa hivi:

«Mama, rezo iko?»

«Iko na sumbua, papa. Fanya tena.»

«Nimefanya tena.»

«Basi fanya tena ingine.»

Hakuna daktari anayetoa dawa kwa uhakika huo.

Kuhusu saa ya simu, ile kazi ya SYSTIME, nitapita haraka, kwa kuwa sifa zake zinajulikana. Nchi yetu ina saa mbili: Kinshasa iko nyuma ya Goma kwa saa moja. Simu ikiamua kuwatii wakubwa wa magharibi inasema 19:00, ukuta wa jirani unasema 20:00, na bibi yako anasema saa mbili usiku na yeye ndiye anayeeleweka. Ukikaribia mpaka wa Petite Barrière simu inaweza kunusa mnara wa Gisenyi na kukukaribisha Rwanda, nawe umesimama Birere unanunua samaki wa sambaza. Watu wanalipa kwa ajili ya kusafiri. Sisi tunasafirishwa na mlingoti.

Sifa kubwa nimeiweka mwisho. Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa AFC/M23 walipouteka mji, mabenki yalifunga milango, na uwanja wa ndege nao ukafungwa. Mtu mwenye mshahara wake benki alibaki akiutazama mlango wa chuma. Wenye uwezo walivuka kwenda kutafuta fedha ng'ambo, Gisenyi. Wengine wote tulirudi kwa yule tuliyekuwa tunamtukana: *1122# kwa wa M-Pesa, *501# kwa wa Airtel, *144# kwa wa Orange. Mishahara ya walimu, ada za shule, pole za msiba, nauli za pikipiki, vyote vikapita katika tundu la herufi 182. Noti zilipoadimika, kutoa fedha kukawa na bei ya kwenye menyu na bei ya kwenye mwavuli, na tofauti kati ya hizo mbili haikuandikwa popote. Misimbo haikusema neno. Iliendelea kutaja bei ya menyu kwa utulivu wa mtu ambaye hajatoka nje.

Na kabla ya kukubali kutuma, inakupa zawadi ya mwisho: inakutajia jina la unayemtumia. Hapo ndipo SYSUID wa zamani anapofufuka katikati ya soko la Virunga. Jina hilo hukuliandika wewe wala yeye. Lilitoka siku laini ilipoandikishwa, na huku kwetu, ambako kwa miaka mingi kadi ya mpiga kura ndiyo iliyokuwa kitambulisho, laini nyingi ziliandikishwa kwa kadi iliyokuwa karibu. Unamtumia mama yako, menyu inauliza kama kweli unataka kumtumia bwana fulani usiyemjua. Unapiga simu kuuliza. Mama anacheka: ni jina la shemeji wa jirani, yule aliyehamia Butembo, ndiye aliyekuwa na kadi siku ile. Unarudi kwenye nyota, unapita hatua zote tano, unathibitisha.

Mama anakwenda kwenye mwavuli kutoa. Kijana mpya wa kabini, mwenye kufuata taratibu, anaomba kitambulisho chenye jina lililo kwenye skrini. Mama anatoa chake. Majina hayafanani. Kijana anaomba msamaha kwa heshima zote, anasema mwenye laini aje mwenyewe. Mwenye laini yuko Butembo, na barabara ya kutoka huko watu wote wanaijua. Fedha zipo, zinaonekana, salio halijapungua hata faranga moja, na simu ya mtumaji imekwisha kupokea habari kwamba shughuli imefanikiwa. Ingekuwa CLIST, LASTCC angesema 0.