Faini ya Chumvi

Port Reitz huwezi kukusanya watu wazima watano bila mmoja wao kuuliza nani atakuwa mweka hazina. Mimi nilikuwa nimewaita majirani kwa jambo dogo tu: tuwe tunakutana Jumapili, tuchague chakula kimoja kitabuni ambacho hakuna kati yetu aliyewahi kukipika, tukipike, tukile, kila mtu arudi kwake. Kabla birika la chai halijaisha tulikuwa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mchango wa kila wiki na orodha ya faini. Kuchelewa, shilingi hamsini. Simu kulia wakati wa kupika, hamsini. Kuongeza kitu kisichoandikwa kitabuni, hamsini. Kusema "kwetu hatupiki hivi", mia. Hiyo ya mwisho aliitunga katibu, mwalimu mstaafu wa hesabu, na ndiyo iliyojaza mkebe kuliko zote. Chakula chenyewe hakikutajwa siku hiyo. Tulikula biskuti.

Mtaa huu umejaa watu waliofuata kazi. Wapo walioletwa na bandari kule Kipevu, wapo walioletwa na uwanja wa ndege, na wapo ambao wazee wao walikuja kwa ajili ya kile kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, kilichofunguliwa 1963 na kuacha kusafisha 2013. Ndiyo maana ukipita ujia wa ploti yetu saa moja jioni, pua inasafiri: omena mlango wa kwanza, muthokoi wa pili, mrenda wa tatu, na mwisho kabisa mbaazi za nazi za Bi Mkubwa. Niliona ni dhambi watu kunusiana hivyo miaka yote bila kuonjana.

Bi Mkubwa ndiye mwenye nyumba, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumuuliza kama anataka kujiunga. Alijiunga. Alituambia yeye hasomi vitabu vya mapishi, lakini angependa kutuona sisi tukivisoma. Hata historia ya mtaa anaipitishia jikoni. Mwalimu alipotusimulia habari za Luteni Reitz, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyeachiwa Mombasa mwaka 1824, akafa kwa homa mwaka huo huo na jina lake likabaki kwenye hori yetu, Bi Mkubwa alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Na uji alikuwa akipikiwa na nani?"

Vitabu tulikuwa navyo viwili, na nusu. Cha kwanza alinitumia mpwa wangu aliye Marekani: In Bibi's Kitchen cha Hawa Hassan, binti wa Kisomali, kilichotoka 2020. Kimekusanya mapishi ya mabibi wa nchi nane zinazogusa Bahari ya Hindi au zilizo jirani nayo, kuanzia Eritrea na Somalia, kupitia kwetu na Tanzania, hadi Msumbiji, Afrika Kusini, Madagaska na Komoro. Bi Mkubwa alikipekua picha kwa picha, polepole, akawa anawapitisha mabibi wenzake mmoja mmoja. "Huyu anajua kazi. Huyu pia. Huyu mwachieni jiko." Mabibi aliwakubali wote. Aliyemtilia shaka ni mpimaji aliyewasimamia.

Cha pili kililetwa na jirani yetu muuguzi, kimechapishwa kwa printa na kutobolewa matundu: Kenya Food Recipes cha mwaka 2018, kilichotolewa na serikali pamoja na FAO. Ni kitabu cha heshima. Kimeingia majikoni mwa jamii mbalimbali za Kenya, kikavipima vyakula vyao, kisha kikaeleza kila gramu mia za chakula zina nguvu kiasi gani, madini gani na vitamini gani. Muuguzi anakipenda mno. Tatizo ni kwamba baada ya kutusomea mafuta yaliyomo, hamu ya kupakua mara ya pili hupotea, na mwenyekiti akapendekeza usomaji huo ufanyike baada ya kula.

Ile nusu ni kurasa zilizochakaa za Kenya Settlers' Cookery Book, kitabu kilichokusanywa na akina mama wa kanisa la St Andrew's, Nairobi, na kutoka mara ya kwanza mwaka 1928. Kumbe tulipojiona tumevumbua kitu, walikuwepo waliotutangulia kwa miaka karibu mia! Kurasa hizo ni za mama muuza samaki. Babu yake alikuwa mpishi wa Mzungu, na nyumba za walowezi ndivyo zilivyokuwa: aliyesimama mbele ya moto ni Mwafrika, jina la jaladani ni la chama cha akina mama. Mama samaki hajawahi kutaka tupike chochote kutoka humo. Hukileta tu, akakiweka mezani, kishuhudie.

Sheria ya kwanza ya katibu ilikuwa kwamba kitabu kikisema, kimesema. Sasa kitabu cha Marekani kinasema kikombe, na kikombe chao ni mililita 240 hivi. Kwa mwenyekiti kikombe ni kile cha plastiki anachonywea chai kazini, ambacho mtoto mdogo anaweza kuogea. Kwa Bi Mkubwa kikombe ni cha kahawa chungu. Tulipika wali mmoja kwa vikombe vyote viwili, mchele kwa kimoja na maji kwa kingine, na sitaki kusema zaidi ila kwamba uliliwa kwa kijiko siku hiyo na kwa mrija kesho yake.

Tukahamia gramu. Gramu hazina ugomvi, alisema mwalimu. Lakini dukani kwetu unga unapimwa kwa gorogoro, mafuta yanapimwa ya shilingi thelathini, na tangawizi unaonyeshwa kidole: hii au hii? Mzani wa mama samaki hauanzi kuamka mpaka uwekewe robo kilo. Hapo ndipo mwenyekiti wetu, ambaye ni dereva wa kreni bandarini na kila siku ananyanyua kontena zinazofika tani thelathini na kuzituliza melini bila kuvunja yai, alipotoka jasho kwa gramu kumi na tano za tangawizi. Aliikata, akaipima, akaikata tena. Mwishowe akasema kontena zina afadhali, zinakuja na karatasi.

Ukiacha vipimo, kuna ndege. Zinapotua uwanja wa Moi zinapita juu ya mabati yetu karibu uwahesabu abiria. Uwanja huo ulijengwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ukiitwa Port Reitz, ukapanuliwa na kubadilishwa jina mwaka 1979, na sidhani kama katika mipango yote hiyo kuna aliyefikiria usomaji wa mapishi kwa sauti. Siku ya kuku wa Kisomali, yule wa maziwa mgando na nazi, mwalimu alikuwa amezidisha vipimo vyote kwa kuwa tulikuwa wengi. Akasimama uani, akasoma, "Chumvi, vijiko vitatu vya..." Ndege ikapita. Midomo yake ikaendelea kucheza, akamaliza, akageuza ukurasa. Mwenyekiti, aliyekuwa kwenye sufuria, alijaza mwenyewe lile pengo kwa kijiko alichokuwa nacho mkononi, na hicho kilikuwa cha kupakulia.

"Vya chai," mwalimu alirudia baadaye, mbele ya sufuria iliyokuwa imeshaonjwa. Kisha, kwa kuwa ni mwalimu, akatueleza kwamba kijiko kikubwa ni mililita 15 na cha chai ni 5, kwa hiyo chumvi ilikuwa imezidi mara tatu kamili, endapo kijiko cha mwenyekiti kingekuwa kijiko kikubwa cha kawaida, jambo ambalo alilitilia shaka.

Bi Mkubwa alisogea. Akatia viazi. Akatia tui la pili. Akaonja, akafumba jicho moja, akatia viazi vingine na maji, na tui la tatu, na nyanya zote za mama mboga wa langoni. Sufuria ikahamishiwa kwenye sufuria kubwa, na hiyo nayo ikahamishiwa kwenye ile ya harusi. Kuku wawili walioingia kwa ajili ya watu wanane waliishia kulisha ploti nzima na wajenzi wa ng'ambo ya barabara, na muuza maji akapita na mkokoteni wake jioni akashangaa madumu yalivyoisha haraka. Faini ilileta mzozo. Mwalimu alimwandikia Bi Mkubwa kwa kuongeza visivyoandikwa, hamsini kwa kila kitu. Mwenyekiti naye akajitetea kwamba kosa ni la rubani.

Halafu ikaja keki. Ploti yetu ina oveni moja, ya muuguzi, na kama kawaida ya oveni za Kenya ilikuwa kabati la sufuria. Tulitoa sufuria, vifuniko, karai na tochi iliyotafutwa tangu Krismasi. Kitabu kilitaka digrii 350. Kitasa cha oveni kiliishia 250. Kimya. Mwenyekiti akafikiri, akatoa uamuzi: tukifikishe mwisho, na hizo mia zilizobaki tuzifidie kwa kuongeza muda. Nimesikia hoja mbovu zaidi ya hiyo kwenye mikutano mikubwa zaidi, kwa hiyo nilinyoosha mkono kuunga.

Ni mtoto wa muuguzi, aliyetoka kucheza mpira, ndiye aliyechungulia kitabuni na kutwambia hizo ni Farenhaiti. Ondoa 32, zidisha kwa tano, gawa kwa tisa, unapata kama 177. Wote tukamgeukia mwalimu wa hesabu. Mwalimu akaomba kwenda chooni. Keki tuliitoa nyeusi nje na uji ndani, na Bi Mkubwa, ambaye wakati wote huo alikuwa uani na mambo yake, akaingia na mkate wa sinia: mchele aliouroweka tangu jana na kuusaga na nazi, hamira, sukari na iliki, ukaumuka, ukapikwa kwa makaa juu na chini. Nilimuuliza moto wake ulikuwa digrii ngapi. Alisema huweka kiganja juu ya kifuniko, na kikikataa kukaa, umefika. Mwalimu aliyekuwa amerudi akauliza kiganja cha kulia au cha kushoto, akaandika.

Ya matapa nitapita haraka. Ni chakula cha Msumbiji, majani ya muhogo na karanga na nazi. Bi Mkubwa alipolifungua jani la kwanza akacheka, "Hiki si kisamvu kimepata pasipoti?" Akatozwa mia. Mhasibu mmoja kijana aliyetaka kuyaweka majani nusu mabichi ili yabaki kijani alinyang'anywa mwiko, maana majani ya muhogo yana sumu inayotoka kwa kutwangwa na kuchemshwa sana, na juu ya hilo vitabu vyote na mabibi wote wanakubaliana. Gesi iliisha katikati. Tuliendeleza kwa makaa, tukala saa nne usiku, na yalikuwa matamu. Nasema hivyo kwa kusitasita kwa sababu ilikuwa saa nne usiku.

Wazo la kuandika kitabu chetu wenyewe lilitoka kwa mwalimu. Kila mwanachama alete pishi lake, lipimwe, liandikwe. Mkebe wa faini ulikuwa umeshatosha kununua mzani mdogo wa betri unaosoma hadi gramu moja, na wa kwanza kupimwa awe Bi Mkubwa, kwa samaki wa kupaka.

Nilikaa na daftari. "Mparue, mkate mishale, mpake thomu, tangawizi, pilipili, ndimu na chumvi."

"Chumvi kiasi gani, Bi?"

"Kiasi."

Alieleza, kwa uvumilivu ambao sikuutegemea, kwa nini hawezi kusema zaidi. Samaki wa wakati wa kusi, bahari ikiwa imechafuka na changu amekuwa ghali, huwa ni mdogo na anatosheka na kidogo. Ukwaju mpya na ule wa mwaka jana haufanani ukali. Nazi kavu ina mafuta, nazi changa ina maji, na hutaijua ni ipi mpaka umeivunja. Kasimele, lile tui zito, nalo ukilikoroga bila kuacha linashika samaki vizuri, ukiitika hodi mara moja tu limekatika. Utaandikaje hodi kitabuni?

Mwalimu aliitikia kwa kichwa, akawasha mzani. Kila Bi Mkubwa alipochota kitu, alimzuia mkono hewani, akakielekeza mzanini, akasoma namba kwa sauti. Chumvi, gramu 11. Kata moja ya tui, gramu 212. Mama samaki alikuwa akipepea makaa huku akiuma kanga yake kwa kicheko. Samaki alitoka vile ambavyo samaki wa Bi Mkubwa hutoka, na hilo halina maelezo. Pishi likapigwa muhuri: ukurasa wa kwanza wa kitabu chetu.

Jumapili iliyofuata ikawa zamu ya kuhakikisha. Bi Mkubwa apike tena, na sisi tumfuatilie kwenye karatasi. Alionja tui, akakunja uso, akatia chumvi bila kuangalia mtu.

"Gramu 16," mwalimu alisema. "Ukurasa unasema 11."

"Samaki ni mwingine."

"Kuongeza kisichoandikwa, shilingi hamsini."

"Nimekiandika mimi!"

"Na kimesema."

Tulitazamana. Mwenyekiti akaangalia mabati, huenda akiomba ndege. Bi Mkubwa akajifuta mikono taratibu, akafungua fundo la leso, akatoa noti ya hamsini, akaiweka mezani na kuuliza risiti yake iko wapi. Miezi yote hiyo hakuna aliyewahi kufikiria kununua kitabu cha risiti. Akatutazama mmoja mmoja, akairudisha noti yake kwenye fundo, akatutoza mia kila mmoja.