Mtungi Uliovaa Blanketi

Ukijenga Njombe, ushauri wa bati na wa madirisha unapewa ukiuliza. Ushauri wa moto unakuja wenyewe. Mwezi wa sita ukiingia na ukungu ukagoma kuondoka, kila mpita njia anachungulia ukuta wa sebule yako ambao haujapigwa hata plasta, anauliza: "Sasa hapa mtaota nini?"

Mke wangu ni Mbena wa hukohuko, na kwake nyumba isiyo na mahali pa kuota moto ni stoo. Mimi nimekulia Tanga, tunakogombania feni. Kwamba fayaplesi lazima iwepo, hatukubishana. Ubishi ulikuwa iwe ya kuni au ya gesi, nami nilisimama imara upande wa gesi kwa sababu moja nzito: wa kupasua kuni nilikuwa mimi.

Habari zikamfikia mama mkwe, akaja kabla chai haijachemka.

"Baba," akaniambia kwa ule upole unaotangulia hukumu, "miwati imejaa hapa tangu enzi za mkoloni, misindano ndiyo usiseme, wewe unataka kuagiza moto kutoka Dar es Salaam?"

Shemeji yangu, ambaye taarifa ya habari haimpiti, akanitetea. Akamweleza mama yake kwamba serikali ina mkakati wa mwaka 2024, kwamba ikifika 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi.

"Ya kupikia," mama mkwe akamkata. "Hii atapika nini?"

Nikasema itatupa joto.

"Na viazi vya kuchoma mtafukia wapi?"

Hapo hata shemeji alitazama pembeni. Magogo ya fayaplesi ya gesi ni ya kauri. Yamechorwa magamba na nyufa kwa ustadi mkubwa, lakini hayaungui, hayaachi jivu, na kiazi ukikiweka pale kitakaa kama mgeni asiyekaribishwa.

Duka la fayaplesi za gesi tulilolipata lilikuwa Dar es Salaam. Kiyoyozi kilikuwa kimewekwa nyuzi 16 ili mteja aweze kuisogelea bidhaa, na mke wangu akawa mtu pekee niliyewahi kumwona anavaa sweta jijini lile mchana. Zilikuwa za aina tatu. Ya kwanza hutaka dohani kama ya kuni, na sehemu kubwa ya joto hupanda nayo kwenda kuwaotesha mwewe. Ya pili haina bomba lolote, na bei yake ilinichekea. Nikauliza moshi unakwenda wapi. "Hauna moshi, bosi," akasema muuzaji.

Moshi wa kuonekana, kweli hauna. Lakini kilo moja ya gesi ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji kama mvuke, kwa hiyo ukiota kwa saa nne umemwaga zaidi ya lita tatu hewani, na kuta zinaanza kutokwa jasho kwa niaba yenu. Huo ndio upande wake mwema. Ikikosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na kule kwetu kwenye baridi kila mtu amesikia msiba wa watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Bei nafuu tukaiacha palepale.

Tukachukua ya tatu: imefungwa kwa kioo mbele, na nyuma ina bomba ndani ya bomba, la nje linaingiza hewa, la ndani linatoa uchafu. Kitabu chake kilieleza kwamba ukiishi juu sana hewa ni nyepesi, gesi haiungui vizuri, hivyo pua ya kupitishia gesi ibadilishwe. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Fundi nilimwonesha ukurasa. Akautazama kwa heshima, akanirudishia. "Mzee, gesi ni gesi." Hajamaliza kikombe cha chai, kioo kikawa cheusi kwa masizi, tukawa tunaota kitu tusichokiona.

Pua ikabadilishwa. Tundu la bomba halikubadilishika. Alikuwa ameshalitoboa upande wa banda la kuku.

Kisha hesabu. Kifaa cha kilowati saba kinakula zaidi ya nusu kilo ya gesi kwa saa. Mtungi wa kilo 15, ambao jikoni unatuvusha mwezi, sebuleni hauoni wiki. Na mtungi unakaa nje, maana gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja ndani hutuama sakafuni ikingoja cheche. Sasa, gesi ikitoka kwa kasi, mtungi wenyewe hupoa, na baridi ya nje ikiongezeka, presha inashuka. Usiku mmoja wa mwezi wa saba moto ukawa mdogo wa kusikitikiwa. Nikatoka na tochi. Mtungi ulikuwa umefanya barafu nyeupe kuanzia kiunoni kwenda chini.

Mama mkwe akaja nyuma yangu, akaugusa kwa kidole.

"Kumbe na huyu anasikia baridi."

Akaingia ndani akarudi na blanketi langu, akaufunga vizuri, akauacha shingo nje. Nilijaribu kueleza kwamba blanketi halitengenezi joto, na kwamba kinachotakiwa ni mitungi miwili iunganishwe ili isaidiane. Akaniuliza wa pili atavishwa blanketi la nani.

Wa pili nikaununua. Ikaisha yote miwili Jumatano usiku, katikati ya taarifa ya habari. Kuku, ambao tangu bomba lifungwe walikuwa wamehamia chini yake na kukataa banda, ndio waliotangulia kulalamika.